Mapitio ya Kitabu: Tenzi Tatu za Kale na Somo la Mauti

Kitabu cha Tenzi Tatu za Kale, kilichohaririwa na M. M. Mulokozi na kutolewa mwaka 1999 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kimekusanya katika jalada moja Utenzi wa Fumo Liyongo, Al-Inkishafi na Utenzi wa Mwanakupona. Wengi wetu tulizikuta tenzi hizi shuleni vipande vipande, beti chache za kujibia mtihani, tukazizoea kama kazi tatu zisizojuana: moja ya shujaa, moja ya dini na moja ya unyumba. Ukizisoma mfululizo, mazoea hayo hayasimami. Zote tatu zinamhusu mtu aliyefikiwa na mauti au anayeyaona yakija, na hakuna hata moja inayotoa nasaha isiyo na mwenyewe. Kila wosia humu una aliyeutoa, una mahali ulipotolewa, na una machungu yaliyouzaa.

Naanza na Mwanakupona, kwa kuwa ndio utenzi uliodhulumiwa zaidi na wasomaji wake. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, aliyepambana na nguvu za Sayyid Said wa Zanzibar. Utenzi aliutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima, na yapata miaka miwili baadaye akafariki dunia. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, waliupa anwani iliyoelekeza macho yote kwenye wajibu wa mke kwa mumewe, na tangu hapo mjadala umekuwa huohuo: je, mama huyu alimfundisha binti yake adabu au utumwa? Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, linaruka ubeti wa pili, ambao mimi nauona kuwa mlango wa utenzi mzima:

Maradhi yamenishika,
hata yametimu mwaka,
sikupata kutamka
neno lema kukwambia.

Mwaka mzima mgonjwa, na kinachomuuma si maradhi bali neno jema ambalo hajamwambia mwanawe. Ndipo anamwita asogee na wino na karatasi. Yote yanayofuata, radhi tano ambazo kiumbe hawezi kupata utulivu bila hizo, yaani za Mungu, Mtume, baba, mama na mume, pamoja na maagizo ya usafi, ya ulimi na ya heshima mbele za watu, yanasemwa na mtu asiyetarajia kupata nafasi nyingine. Ukilijua hilo, hata haraka ya maagizo yenyewe, moja likilifuata jingine bila kupumzika, inakuwa na maana ambayo msomaji wa mtihani haioni. Silazimiki kuyakubali yote. Pale anapomwambia binti asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi, ninasikia jamii ya waungwana ikijilinda. Na pale anapoikabidhi hatima ya mke Siku ya Kiyama mikononi mwa mumewe, siwezi kumwekea binti yangu mzigo huo. Lakini namheshimu mama anayempa mwanawe kila alichonacho, na alichonacho ni dunia aliyoishi yeye, pamoja na kasoro zake.

Al-Inkishafi ndiyo iliyonishika kwa muda mrefu kuliko nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo inayokipa kitabu hiki uzito wake. Mtunzi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, aliandika kati ya mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, wakati fahari ya mji wake ilipokuwa imekwisha au inakwisha. Angeweza kupanda mimbari akawaonya watu. Badala yake ameugeukia moyo wake mwenyewe na kuuhoji: una nini hata huzingatii? Uamuzi huo ndio unaoufanya utenzi huu uvumilike hata kwa msomaji asiyependa kuhubiriwa, maana anayekemewa ni mtunzi, nasi tumeketi kando tukisikia mtu akijitesa kwa maswali ambayo na sisi yanatuhusu. Dunia anaiita bahari yenye mawimbi, matumbawe na hatari tele; kisha anaiita kisima kisicho na ukingo, kinacholindwa na fahali mwenye kupiga pembe, asikaribie mwenye kiu hata akanywa.

Baada ya tamathali hizo anaingia majumbani. Hapa nawaomba wasomaji wapunguze mwendo. Anazieleza nyumba za matajiri wa Pate zilivyokuwa ziking'aa kwa taa, usiku ukawa kama mchana, vyombo vya kauri vimepangwa kwenye vidaka vya kuta. Kisha, karibu bila kubadilisha sauti, anatuonyesha nyumba zilezile zikiwa mahame, na popo wametundika makinda yao juu:

Madaka ya nyumba ya zisahani
sasa walaliye wana wa nyuni.

Kidaka ni kilekile, ukuta ni uleule. Palipokuwa na sahani sasa wamelala makinda ya ndege. Hajasema kwamba mali hupita, wala hana haja ya kusema. Yeyote aliyewahi kuingia katika gofu la nyumba ya mawe huko pwani, akaona safu za vidaka vitupu vilivyochongwa kwa ustadi ukutani, anajua kwamba mtunzi hakubuni, aliangalia. Ndipo yanakuja maswali ya wako wapi. Anawaita kwa majina na kwa koo, na miongoni mwa anaouliza walikokwenda yumo Ali bin Nasir. Kumbuka mtunzi mwenyewe ni Abdalla bin Ali bin Nasir. Ubeti huo nimeusoma mara nyingi na bado unanikata kauli, kwa kuwa mauti yanayozungumzwa hapo ni ya nyumbani kwake. Sehemu ya mwisho, yenye majina ya moto wa Jahanamu na adhabu zake, inatisha kama ilivyokusudiwa. Lakini vitisho hivyo vinapata nguvu kutoka kwenye vidaka vile vitupu vilivyotangulia, na nina hakika vingesimama peke yake visingefika mbali.

Utenzi wa Fumo Liyongo sitauzungumzia kwa urefu, ingawa ndio unaosomeka kwa wepesi zaidi. Uliandikwa na Muhammad Kijuma wa Lamu mwaka 1913, ukitumia masimulizi yaliyokuwa yakipokezanwa kwa karne nyingi. Liyongo hadhuriki kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na siri hiyo inamtoka kwa mtu mmoja tu, mwanawe, ambaye ndiye anayemchoma. Kinachofuata ni miongoni mwa mandhari kuu za fasihi yetu: shujaa anakwenda kisimani, anapiga goti akiwa ameuvuta uta wake, na anakufa katika mkao huo. Watu wa mji wanakosa maji kwa kumwogopa maiti, hata mama yake anaombwa aje kumbembeleza. Baada ya nasaha za Mwanakupona, usaliti wa mtoto kwa mzazi unauma maradufu.

Kuhusu uhariri, jambo la kushukuru kwanza ni kwamba utangulizi na ufafanuzi umeandikwa kwa Kiswahili. Kwa miaka mingi, msomaji wa Kiswahili aliyetaka kuielewa Al-Inkishafi alilazimika kupitia Kiingereza cha toleo la Hichens la 1939, au la James de Vere Allen la 1977, yaani aeleweshwe urithi wake kwa lugha ya kigeni. Kazi hiyo ya Mulokozi peke yake inatosha kukifanya kitabu kistahili kununuliwa. Msomaji wa bara asitarajie mteremko, kwa sababu Kiamu na Kipate, lahaja za Lamu na Pate, vina sauti na msamiati unaodai subira.

Nina lawama moja kwa anwani. Kuziita zote tatu za kale kunaficha umbali uliopo kati yake: kati ya Al-Inkishafi na utenzi wa Kijuma imepita karibu karne nzima, na Kijuma aliandika Lamu ikiwa tayari chini ya utawala wa Waingereza. Msomaji mchanga anaweza kudhani watunzi hawa walikuwa majirani wa zama moja. Pia, tenzi hizi zilitungwa ziimbwe, na kitabu hakiwezi kutoa sauti. Mwalimu anayekitumia darasani atafanya vyema kutafuta mtu wa Lamu azighani mbele ya wanafunzi. Kwa anayesoma peke yake, ushauri wangu ni kuanza na Mwanakupona kwa sauti ya juu, kuhamia Al-Inkishafi siku nyingine akiwa na utulivu, na kumwacha Liyongo awe wa mwisho.