Kioo kimoja au viwili kwa joto la Dar?

Fundi wa aluminiamu akikuambia dirisha la vioo viwili litamaliza joto la Dar, msikilize nusu. Kioo kimoja hupitisha takriban wati 5.8 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya nje na ndani. Vioo viwili vilivyofungia hewa katikati, kama 2.8. Piga hesabu: nje nyuzi 32, kiyoyozi umekiweka 24. Kimoja kinaingiza wati 46, viwili 22. Umeokoa wati 24 tu. Jua la saa kumi jioni kwenye dirisha la magharibi huleta mamia ya wati, na vioo viwili visivyo na rangi bado hupitisha takriban robo tatu yake. Hapo hata mwarobaini nje ya dirisha unavishinda.

Ila kwa anayewasha kiyoyozi usiku kucha, viwili vina raha yake. Kioo changu kimoja hutoka jasho upande wa nje alfajiri, watoto wanaandikia majina kwa kidole. Viwili hukauka zaidi, lakini mpira wa pembeni ukiachia, ukungu huingia katikati na haufutiki.

Unayelala madirisha wazi upate upepo wa bahari? Nunua nyavu za mbu.