Kibano cha Kamba Kilichoiachia Henza Yangu

Miezi kadhaa iliyopita nilinunua kibano cha kamba, kifaa chenye meno na wenzo kinachoishika kamba ya mashua isirudi nyuma, katika duka moja la vifaa vya mashua hapa Nairobi, upande wa Eneo la Viwandani, na hadi leo nikikumbuka nilivyojibiwa mle ndani damu hunichemka.

Nilikwenda na kipande cha henza yangu, yaani kamba ya kupandishia tanga, mkononi, kwa kuwa kibano huchaguliwa kwa kuipima kamba yenyewe. Henza hiyo ina unene wa milimita 8; ganda lake ni poliesta na kiini chake ni Dyneema, nyuzi zenye nguvu sana lakini telezi. Kijana wa kaunta akanitolea kibano cha kamba za milimita 6 hadi 12. Nikamwuliza kama kitaishika barabara upepo ukizidi. Bila hata kuigusa kamba, alinionyesha maandishi kwa kidole na kusema, "Mama, nane iko kati ya sita na kumi na mbili ama haiko? Kamba ni kamba." Nilipomwomba anionyeshe kidogo zaidi, alirudi kwenye simu yake. Nikalipa kimya kimya, na kimya kile ndicho kinachoniuma zaidi.

Asubuhi tulipokitumia mara ya kwanza, Ziwa Naivasha lilikuwa shwari na kibano kilishika vyema. Upepo wa alasiri ulipoanza, tanga kuu likaingia mikunjo kando ya mlingoti. Nikaikaza henza kwa winchi. Muda si muda mikunjo ikarudi. Nilipoinama kutazama, niliiona kamba ikipita katikati ya meno kidogo kidogo kila upepo uliposukuma, ilhali wenzo ulikuwa umefungwa kabisa. Tanga lilishuka zaidi ya shibiri moja, na mwanangu akalazimika kuizungushia henza kwenye winchi na kuishikilia kwa mikono hadi tulipofika ufukoni. Ganda lilikuwa limechunika na kung'aa kwa joto la msuguano.

Fundi aliyeikagua alinieleza kwamba namba zile mbili zinataja kamba zinazoingia tu, wala haziahidi kwamba zote zitashikwa kwa nguvu moja. Kamba nyembamba huyapa meno eneo dogo la kushika, tena meno hulibana ganda huku kiini telezi kikiweza kuteleza ndani yake. Aliingiza kiini cha ziada katika sehemu ile tu inayokaa kwenye kibano, ikanenepa hadi karibu milimita 10, na tangu hapo henza haijasogea.

Nilikuwa nimekusudia kuandika kwamba kibano hiki hakifai, lakini haki ni haki: ukikipa kamba ya milimita 10 au 11, kinashika vizuri, na changu sitakitoa. Hata hivyo, kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyozidi kumlaumu aliyekitengeneza pia, kwa maana kwenye boksi hakuandika mzigo unaoweza kushikwa kwa kila unene, akamwachia mnunuzi abahatishe na tanga likiwa juu. Dukani kwenyewe sitarudi. Kibano cha milimita 4 hadi 8, ambacho kamba yangu ingekijaza sawasawa, kilikuwa kwenye rafu nyuma ya kijana yule. Nilikiona kwa macho yangu.