Giaboksi ya "ovaholi kamili" kutoka Gerezani, Dar es Salaam: nyota mbili, na hata hizo naona nimezidisha

Niwe mkweli, bei haikuwa mbaya. K50, giaboksi ya Toyota ya gia tano, siku hizi hazipatikani kirahisi, Corolla za KE70 zenyewe zimeshaisha barabarani, kwa hiyo niliposikia kuna duka Gerezani wanayo, tena imeshafanyiwa ovaholi, nilikwenda mbio. Gari langu ni la kujiundia: fremu ya mabomba nimeichomelea mwenyewe uani, injini 4K, viti viwili, paa hakuna. Boksi ya mwanzo ilishachoka, ukiachia mafuta tu gia ya tatu inachomoka.

Hii yao ilipakwa rangi ya fedha inang'aa, ila juu ya grisi. Ukikwangua kwa ukucha, rangi inatoka na uchafu wake. Nikauliza. Wakasema huko ni nje, ndani ni safi.

Haikupita muda, gia ya pili ikaanza kukwaruza, hasa ukishusha kutoka ya tatu. Nikarudi. Jamaa wa kaunta hata kichwa hakuinua kwenye simu. "Klachi yako hiyo, bosi."

Nikamweleza klachi nimeshaipima. Washa gari, likiwa silensa, yaani limesimama linanguruma bila kukanyaga mafuta, kanyaga klachi mpaka chini, subiri kidogo, ingiza rivasi. Rivasi ya boksi hii haina sinkronaiza, ile ringi ya shaba inayolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, klachi ingekuwa haiachii vizuri ingepiga kelele mtaa mzima. Inaingia kimya. Tena hiyohiyo ya pili, ukikanyaga klachi mara mbili na kupandisha mafuta katikati, kama madereva wa malori ya zamani, inaingia laini. Sasa klachi inaingiaje hapo?

"Klachi."

Nikamwomba basi atoke, tuzunguke kidogo asikilize. Maana ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya tano zote zinavuma, ukitia ya nne inatulia. Kwenye ya nne nguvu inapita moja kwa moja, haishuki shafti ya chini. Kelele ikitulia hapo peke yake, beringi za shafti ya chini ndizo za kutazama kwanza. Hapo ndipo akaniangalia. "Kaka, gari umelichomelea kwenu uani, halafu unataka gia za Mjapani?" Duka zima likacheka.

Nyumbani nikamwaga oili kwenye beseni. Ilikuwa inametameta kama imetiwa vumbi la dhahabu. Nikapitisha sumaku: chenga za chuma chache zikanasa, ile dhahabu ikabaki inaelea vilevile. Shaba hiyo, sumaku haiigusi. Ringi za sinkronaiza zinasagika! Na oili walijaza wao wenyewe, daraja la GL-5, ile yenye dawa nyingi ya salfa inayoweza kula shaba, wakati kwa ringi za shaba GL-4 ndiyo salama zaidi.

Nikaishusha na kuifungua. Ringi ya gia ya pili nikaikandamiza kwenye koni yake, nikajaribu kwenye upenyo unaobaki fila, kile kibati cha kupimia, ya 0.8 mm, ambayo ndiyo kikomo cha chini cha Toyota. Haipiti. Ya 0.3 nayo haipiti, yaani ringi imelika. Mifereji ya ndani imelala, ringi inateleza kwenye koni haishiki. Beringi ni zilezile za tangu enzi, zimeliwa. Na chini kabisa nyuzi za silikoni nyekundu ya kuzibia zinaogelea. Yaani ovaholi yao ni rangi na silikoni.

Kwa haki lakini, wakati natoka pale dukani, mzee mmoja fundi wa benchi la nyuma alinifuata nje. Akaniambia, "Mwanangu, ringi chukua mpya, za kuchomoa usiziguse," akanielekeza pa kununua, hela ya soda akaikataa. Yule nampa tano. Na meno ya gia nimeyakuta mazima, kava haina ufa. Basi nyota mbili: moja ya bei, moja ya mzee.

Ingawa bei gani sasa? Jumlisha ringi, beringi, sili na oili, ningenunua boksi nyingine na chenji ikabaki. Na mzee si duka. Akihama kesho, kinabaki nini pale zaidi ya kicheko?

Sasa ya pili inaingia kwa kidole, ya tatu haichomoki. Wewe wa kaunta, pesa ya ringi na beringi naidai. Risiti ninayo, na "ovaholi kamili" umeandika kwa mkono wako.