Kifafa kisichosikia dawa: upasuaji au kifaa cha neva?

Dawa mbili sahihi zikishindwa kutuliza kifafa, ya tatu mara chache hukimaliza.

Kwa kukomesha mishtuko, upasuaji wa kukata sehemu ya ubongo inayoianzisha unaongoza. Katika utafiti wa Kanada wa 2001 kuhusu kifafa kinachoanzia sehemu ya ubongo iliyo upande wa sikio, 58% ya waliopangiwa upasuaji waliishi mwaka bila mishtuko ya kuvuruga fahamu. Waliobaki na dawa, 8%. Lakini kilichokatwa hakirudi, na kumbukumbu inaweza kudhoofika.

Kifaa cha neva ya vagasi, kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua na kutuma umeme mdogo kwenye neva hiyo ya shingoni, aghalabu hupunguza tu mishtuko. Sauti ya mgonjwa hukwaruza, betri hubadilishwa baada ya miaka kadhaa. Ila kinaweza kuzimwa.

Chanzo kikiwa kimoja na kinakatika salama, kuchelewesha upasuaji kunaniuma sana. Vyanzo vikiwa vingi, kifaa kina nafasi yake.