Pete ya mpwa wangu: tathmini ya duka la sonara katikati ya Kampala

Mpwa wangu ana sherehe ya kwanjula, yaani ile ya Kiganda ya kujitambulisha na kupeleka zawadi kwa wakwe, huko Masaka, naye aliamua kwamba juu ya yote ambayo wakwe wameyataja ataongeza pete ya almasi ambayo hakuna aliyemwagiza. Kwa kuwa niliwahi kutunza hesabu za sonara kwa miaka kadhaa, aliniomba nimsindikize katika duka dogo la ghorofani, hatua chache kutoka Kampala Road. Tulikwenda mara tatu.

Linalostahili sifa kwanza ni subira yao. Muuzaji alitandika kitambaa cheupe, akatupa lenzi ya kukuza mara 10 bila kuombwa, kisha akaturuhusu kulisogeza jiwe hadi dirishani. Aliyewahi kukaa nyuma ya meza ya sonara anajua thamani ya ruhusa hiyo, maana zile taa ndogo kali za juu ya makabati hulimetesha hata jiwe lililokatwa vibaya, ilhali mwanga wa kawaida wa mchana hauna upendeleo.

Hata hivyo, mazungumzo yalianza na uzito, kama ilivyo karibu kila mahali. "Mzee, hii ni nusu karati kamili," muuzaji alisema, na mpwa wangu akaduwaa, kwa kuwa dakika chache kabla alikuwa ameambiwa kwamba dhahabu ya pete ni ya karati 18. Neno ni moja lakini vipimo ni viwili: karati ya dhahabu hueleza usafi, ambapo 18 kati ya 24 ni asilimia 75, na ndiyo sababu pete hupigwa muhuri wa 750, ilhali karati ya almasi ni uzito wa gramu 0.2, unaogawanywa katika pointi 100. Kasoro ya kuanzia na uzito ni kwamba bei hairuki sawasawa. Hupanda ghafla kwenye namba kamili kama 0.50 na 1.00, hivyo wakataji wengine huliacha jiwe na unene usiohitajika ili tu lifikie namba hiyo.

Hilo ndilo tulilolikuta. Jiwe la karati 0.50 lilikuwa na upana wa milimita 4.95, na kina chake kilikuwa asilimia 66 ya upana huo. Jingine la karati 0.46 lilikuwa na upana wa milimita 5.0 na kina cha asilimia 60 hivi. Kwa maneno mengine, jiwe jepesi lilionekana kubwa kidogo kuliko zito, kwa sababu uzito wa lile la kwanza ulikuwa umejificha tumboni na kwenye kiuno kinene, yaani ule ukingo unaolizunguka jiwe katikati. Tulipoyaweka yote mawili dirishani, lile zito lilikuwa na kiza katikati, kwani mwanga ulioingia kwa juu ulivujia pembeni na chini badala ya kurudi machoni, wakati lile jepesi lilirudisha mwanga kutoka kila pembe. Almasi ya mviringo ya kawaida ina nyuso 57 au 58, na mpangilio wa nyuso hizo ndio kazi pekee ya binadamu katika jiwe zima. Rangi na usafi ni mambo ya ardhini. Kwa maoni yangu ukataji ungepaswa kuwa swali la kwanza dukani, lakini hapa ilibidi tuulize wenyewe.

Kuhusu rangi sikuwa na ugomvi nao. Kipimo cha GIA, taasisi ya Marekani inayopima vito, huanzia D, yaani lisilo na rangi, hadi Z lenye umanjano hafifu, na muuzaji alikiri mwenyewe kwamba katika dhahabu ya njano hakuna haja ya kulipia D wakati H inatosha, kwa kuwa dhahabu huliazima jiwe rangi yake. Usafi nao hupimwa kwa lenzi ya mara 10, na hapo mahali pa dosari ni muhimu sawa na ukubwa wake: chembe nyeusi chini ya uso wa juu huonekana mapema, lakini ufa mdogo ukingoni unaweza kufunikwa na ukucha wa pete, kile kijino kinachoshika jiwe. Jiwe letu la 0.46 lilikuwa daraja la VS2, yaani lenye dosari ndogo sana, na kwa macho matupu sikuona kitu.

Malalamiko yangu ni ya karatasi. Siku ya kwanza tulipewa cheti kilichoandikwa na duka lenyewe, chenye sifa tele na bila neno lolote juu ya ukataji, pamoja na maelezo ya mdomo kwamba jiwe limetoka Mwadui, Shinyanga. Huenda ni kweli, lakini hakuna lililothibitisha. Kisha wakaleta kalamu inayopima jinsi jiwe linavyopitisha joto, ikalia, wakatabasamu. Kalamu hiyo hulia hata kwa moisanaiti, jiwe jingine linalofanana na almasi, ambayo hutambulikana zaidi kwa lenzi, pale kingo za nyuso za nyuma zinapoonekana mara mbili. Wala haiwezi kutenganisha almasi ya mgodini na ile iliyokuzwa maabara, ambayo ni almasi halisi lakini huuzwa kwa bei ya chini sana. Tulipokataa kwa upole, ziara ya pili walitoa cheti cha GIA, na namba yake tuliisoma kwa lenzi ikiwa imechorwa kwa leza kwenye kiuno cha jiwe. Kwa nini kilikaa kabatini siku ya kwanza sijaelezwa mpaka leo.

Lile la 0.50 lilitajwa kwa shilingi milioni 7.2 pamoja na pete, la 0.46 kwa milioni 5.4, na tulichukua la pili baada ya kuwashusha laki tatu. Wameandika kwenye risiti kwamba wako tayari kulinunua tena kwa asilimia 60 ya bei, jambo ambalo halikuwemo mpaka tulipodai. Kupunguza pete ili imwenee bibi harusi kuliahidiwa siku nne, kukachukua tisa. Ninawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano imebaki kwa ile karatasi ya kwanza.