Uzoefu wangu: kupakua katalogi ya Nyege Nyege Tapes, singeli kwanza

Nyege Nyege Tapes ni lebo huru ya Kampala, na kwa msikilizaji wa Dar ina kitu ambacho ni vigumu kukipata kwingine: singeli, muziki wa kasi wa Dar, iliyofanyiwa mastering (usafishaji wa mwisho wa sauti) ya maana, ikiuzwa kama faili unalobaki nalo. Anayeijua singeli kupitia WhatsApp na kadi za memori, ambako ngoma imehamishwa mpaka imechakaa, atashtuka akisikia hi-hat zake zilivyo hasa. Mauzo ya kidijitali ya lebo yako Bandcamp, tovuti ambako wasanii na lebo huuza muziki wao, kwa hiyo hapa napima vitu viwili kwa mpigo, muziki na njia ya kuupata.

Pa kuanzia ni Sounds of Sisso ya 2017, mkusanyiko uliotoka studio ya Sisso pale Mburahati. Kisha Poaa ya Bamba Pana (2018), Uingizaji Hewa ya Duke (2019) na Mr Mondo ya DJ Travella (2022). Nje ya singeli, Otim Alpha wa Gulu, anayepiga muziki wa harusi za Kiacholi kwa kinanda na kompyuta, anastahili bando lako.

Usiamue kwa kusikiliza bure pale kwenye ukurasa. Mtiririko ule ni MP3 ya kbps 128, na singeli ndiyo muziki unaoumizwa zaidi na MP3 nyembamba. Kwa BPM (mapigo kwa dakika) 240, robo ya pigo inachukua milisekunde 62 tu. Fremu moja ya MP3, yaani kipande kimoja kinachobanwa kwa mkupuo, ni sampuli 1152, yaani kama milisekunde 26, na biti zikiwa chache kelele ya usimbaji inasambaa ndani ya fremu na kusikika hata kabla ya pigo lenyewe. Muziki wa taratibu una nafasi ya kuificha; huku kofi linalofuata limeshafika. Matokeo yake hi-hat zinasikika kama mchele unaomwagwa kwenye bati. Pakua faili kamili, sikiliza kwa hedfoni zilezile, utaona kila pigo limesimama peke yake.

Ukishalipa, unachagua fomati: MP3 320, MP3 V0 (biti zake hupanda na kushuka kadiri muziki unavyohitaji), FLAC (inabana bila kupoteza sauti), AAC, Ogg Vorbis, ALAC, WAV au AIFF. Hesabu ya bando kwa albamu ya dakika 45 iko hivi: WAV ya biti 16 na kHz 44.1 ni kama MB 476. MP3 320 ni MB 108. V0 ni karibu MB 80. FLAC kwa kawaida hubana hadi nusu au theluthi mbili ya WAV, lakini singeli imejaa sauti mwanzo mwisho, kwa hiyo tegemea MB 300 na kuendelea. Lebo ikiwa imepakia biti 24, FLAC nayo inakuja na biti 24 na uzito unapanda. Ushauri wangu: FLAC kwa kuhifadhi, V0 kwa simu. WAV achana nayo, kwa sababu tegi zake (taarifa za wimbo zilizomo ndani ya faili) ni dhaifu na vicheza muziki vingi havitaonyesha msanii wala kava.

Kwenye malipo ndipo wengi wanapokwama. Bandcamp inapokea kadi na PayPal. M-Pesa moja kwa moja hapana. Kenya njia nyepesi ni GlobalPay ya Safaricom: unapiga *334# au unaingia kwenye app, unapewa Visa ya mtandaoni inayokula salio la M-Pesa. Toa namba ya CVV (namba ya usalama ya kadi) wakati uko tayari kabisa kulipa, maana haidumu. Anayetumia kadi ya benki akikataliwa ilhali salio lipo, mara nyingi ni kwamba manunuzi ya mtandaoni hayajawashwa kwenye kadi; ombi kwa benki linamaliza kazi. Benki pia huongeza tozo yake inapobadili shilingi kuwa dola au euro, kwa hiyo weka albamu kadhaa kikapuni ulipe mara moja.

Fungua akaunti kabla ya kulipa. Ukinunua kama mgeni unabaki na linki ya barua pepe tu. Ukiwa na akaunti, albamu inakaa kwenye mkusanyiko wako na unaweza kuipakua tena kwa fomati nyingine hata simu ikiibiwa. App ya simu inakuruhusu kusikiliza bila intaneti, lakini faili lenyewe unalichukua kupitia kivinjari, na kwa FLAC ni bora utumie kompyuta. Chagua fomati, subiri ukurasa uandae faili, kisha ubofye. Inakuja ZIP yenye nyimbo na picha ya kava. Mtandao ukikatika katikati, usipoteze muda na linki ya zamani ambayo huenda imeisha muda wake; rudi kwenye mkusanyiko uchukue mpya.

Kwenye Windows, ZIP ikigoma kufunguka kwa madai kwamba njia ya faili ni ndefu, haijaharibika. Jina la msanii, la albamu na la wimbo vyote vimo ndani ya jina la kila faili, na ukifungulia ndani ya folda tano herufi 260 zinapita. Ifungulie C:\m. Kuhakiki FLAC, ukiwa na programu ya flac andika kwenye dirisha la amri flac -t *.flac; kila faili limebeba alama ya MD5 (namba ya kuhakikia) ya sauti yake, kwa hiyo lililoharibika litajitaja.

Majina hayo marefu yanasumbua pia kwenye redio za gari, ambako skrini inaonyesha herufi chache za mwanzo na nyimbo zote zinafanana. Programu ya Mp3tag inabadilisha albamu nzima kwa mkupuo: geuza tegi kuwa jina la faili kwa %track% %title%.

Kitu kimoja kinachowapotosha wapenda vipimo: ukifungua baadhi ya beti za singeli kwenye Spek, programu inayochora masafa ya sauti, utaona sauti imekatwa karibu na kHz 16, na utadhani umeuziwa MP3 iliyovalishwa FLAC. Tazama vizuri. Kama kick na hi-hat zinapanda hadi 20 na kipande cha kinanda au sauti ya mtu tu ndicho kinachokomea 16, basi ni sampo (kipande cha sauti kilichochukuliwa kwingine) yenyewe iliyotoka kwenye MP3. Ndivyo beti ilivyotengenezwa.

Kwa MaDJ: mashine za Pioneer za CDJ-2000NXS na za kabla yake hazisomi FLAC, ni NXS2 ndiyo iliyoanza. Ukumbini usipojua utakuta mashine gani, beba AIFF, inashika tegi na kava. Flashi iwe FAT32. Ikizidi GB 32 na Windows ikakunyima chaguo hilo, tumia programu ya Rufus. Halafu BPM. Rekordbox, programu ya kuandaa ngoma kwa mashine hizo, itasoma ngoma ya 240 kama 120, na lupu ya mapigo manne itakuwa nane. Bonyeza x2 kwenye gridi nyumbani kabla ya shoo. Hatari zaidi ni ngoma ya 240 inayosomwa 160, kwa sababu hapo sync (mashine kulinganisha kasi yenyewe) itakuaibisha mbele za watu. Hiyo iandikie BPM kwa mkono.

Bandcamp inakata 15% kwenye mauzo ya kidijitali, au 10% muuzaji akishavuka dola 5,000 kwa mwaka, na ada ya kupitishia malipo ni ya pembeni. Tangu Machi 2020 kuna Ijumaa maalumu ambazo inaachia fungu lake, na mimi hungoja hizo.

Kununua katalogi yote kwa pamoja kunategemea lebo kuweka kitufe hicho pamoja na punguzo. Kikiwepo, fahamu kwamba unapata yaliyokwisha kutoka, yajayo utanunua tena, na unapakua albamu moja moja. Hakuna Kulala, lebo dada yenye kazi za kina Slikback na MC Yallah, ina ukurasa wake na haimo kwenye bei hiyo. Anayetaka singeli peke yake achague zile nne za juu. Katalogi nzima ina kelele nzito za majaribio ambazo shabiki wa vigodoro atazifuta kabla ya dakika ya pili.