Soko la Lushoto au supamaketi ya Dar: mi nanunua wapi mboga?

Jamani mi nimejaribu kote kuwili, nawaambia kwa moyo wote, Lushoto hakuna mfano. Siku za gulio ni Alhamisi na Jumapili, kina mama wanashuka toka vijiji vya milimani Usambara na mizigo kichwani, karoti bado zina udongo, kabichi limekatwa jana ile jioni, na ukifika msimu wa plamsi na peasi we harufu tu inakuita toka mbali. Bei mnapatana, unanunua fungu, na ukiwa mteja wake mama anakuongezea mbili tatu juu bila hata kuomba. Ukimuuliza viazi hivi vya kukaanga au vya mchuzi anakujibu maana kalima mwenyewe.

Supamaketi sawa, ina friji, inafunguliwa kila siku mpaka usiku, unalipa kwa kadi, mvua haikugusi. Kwa mtu anayetoka kazini saa mbili usiku inasaidia sana, siwezi kukataa. Ila karoti za kwenye plastiki nilizonunua mwezi uliopita zilikuwa zimeshalainika, na hakuna wa kumuuliza zimetoka shamba gani.

Tena mboga nyingi za Dar zinatoka hukohuko Lushoto, zimeteremka zile kona za Mombo kwenye lori. Kwa hiyo nikienda kwetu Tanga lazima nipande mlimani, narudi na kiroba kimejaa.